Neno Ambalo Nyanya Hakulitaja

Harufu ya nyasi mbichi za paa na moshi wa kuni zisizokauka ndiyo inayonirudisha kwenye kile kijiji cha Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, karibu na Karurumo. Tulihamishiwa huko kwa nguvu, tukabanana nyumba kwa nyumba ndani ya handaki lililozunguka kijiji, hata ukipiga chafya jirani anasikia. Baba alikuwa ameingia msituni kupigana na Wazungu, na kila mama alikuwa amewafunza wanawe jibu moja tu la kuwapa homgadi, wenzetu weusi waliobeba bunduki za serikali: sijui. Mdomo huponza kichwa, tuliambiwa hata kabla ya uji.

Ndugu yangu mdogo Njeru hakuhitaji kuambiwa. Wenzake walipayuka mpaka wakachapwa, lakini yeye hata "mama" hakuwa amesema. Alivuta leso ya mama na kuonyesha kwa kidole. Majirani walimsifu. "Una bahati, Mama Wanja, huyo hatakuuza." Mama akawaka: "Bahati gani? Mtoto si debe la kufunikwa!" Kisha akageukia ukuta ili nisione machozi yake.

Mama alipopelekwa kuchimba handaki, Nyanya alimkalisha Njeru mbele yake, uso kwa uso, wakipukuchua njahi, yale maharagwe yetu meusi. "Njahi," anasema, anainua moja, anangoja amjibu, halafu anamtia mkononi. Lo, alivyojua kungoja! Mimi nilishindwa, nikamjibia mtoto, na Nyanya akanikata jicho: "Wanja, mwachie nafasi yake." Akataja moto, uji, kuku, kila kitu isipokuwa baba. Njeru akitoa mguno tu, Nyanya alipiga vigelegele, nami nikitupia mlango jicho, kwa kuwa watoto wa jirani walimwita baba yao kutwa nzima na Njeru alikuwa na masikio.

Alasiri moja homgadi wawili waliingia bila hodi, mama akiwa ndiyo kwanza ametua jembe. "Mume wako yuko wapi?"

"Sijui."

Njeru akainua kichwa kutoka kwenye ungo. "Baba," akasema, wazi kabisa.

Mungu wangu! Homgadi mmoja akachuchumaa. "Ehe! Baba yuko wapi?" Nikaona mkono wa mama ukiruka kwenda kumziba mdomo. Haukumziba. Ulimshika shavu. "Sema tena, mwanangu," mama akamwambia, akilia na kucheka mbele ya bunduki.

"Baba," Njeru akarudia, akamtia yule mtu punje ya njahi mkononi, kama alivyozoeshwa na Nyanya. Yule mtu akaitazama, akasimama, akamwita mwenzake wakatoka.

Baba hakurudi. Njeru sasa ni mzee mwenye domo. Akishika kipaza sauti harusini hakiachi, na huanza kwa kutaja jina la baba. Mjukuu wangu naye amechelewa kusema. Tunaketi naye chini na kunde, tunataja, tunangoja. Juzi akasema, "Baba." Nyumba nzima ikapiga makofi. Mimi niligeuka kutazama mlango.