Shilingi Kumi Niliyoisugua

Harufu ya sarafu ikishika kiganja haitoki kwa maji peke yake. Juzi nilimfumania binti yangu akinyonya shilingi tano. Nikamfinya mashavu ikatoka, nikampigia kelele mpaka jirani akachungulia. Halafu nikanusa vidole vyangu, na hapo ndipo nilikasirika kweli, wala si na mtoto. Harufu ile ni ya mikono ya Susu, nyanya yangu aliyemzaa mama. Kuna jambo nilimfanyia ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nawaambia nyinyi.

Nililelewa Mbooni, karibu na Kikima. Mama alikuwa akiuza ndizi na ovakado sokoni. Siku za soko alirudi na mkebe mzito wa chenji, akaumwaga mbele ya Susu kwenye gunia, kando ya ukuta penye kivuli. Susu alipanga sarafu kumi kumi, akazungushia kipande cha gazeti, akakunja ncha. Wenye maduka walivigombania vifurushi vyake, maana chenji ilikuwa shida, na hakuna aliyefungua cha Susu akahesabu tena. Na Susu hakuwa akiona. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, mweupe kama uji mwepesi. Shilingi moja, tano, kumi, ishirini, zote alizijua kwa ukingo na uzito. "Macho hubembelezwa," alikuwa akisema, "lakini vidole havihongeki."

Mimi nilikaa naye kwa sababu ya Mwalimu Mutiso. Huyo alikusanya sarafu: zile za zamani zenye tundu, na zile zilizokosewa zikitengenezwa. Ukimpelekea moja akaipenda, anakupa peremende na shilingi ishirini. Kwa hivyo kabla Susu hajafunga, nilizigeuza moja moja. Picha imepinda? Maandishi yamepigwa mara mbili?

"Susu, hii je?"

"Hiyo imezeeka tu kama mimi. Rudisha kwa wenzake."

Iliyokosewa kweli aliipata yeye. Vidole vyake vilisimama ghafla. "Ndanu, hii tumbo limekaa kando." Ilikuwa shilingi kumi. Ile duara ya katikati ilikuwa imeingia upande, ukingo ukawa mwembamba huku na mnene kule. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani, akaishika kama mtu aliyeshika kifaranga. Akasema yuko mtu wa Nairobi anayenunua za namna hiyo, angemleta Jumapili baada ya kanisa. Bei aliyotaja ilimfanya Mama akae chini. Ingetosha operesheni ya jicho moja.

"Moja linatosha," Susu akasema. "Wananiambia Ndanu amechukua meno yangu. Nataka nijionee kama ni sifa ama ni matusi."

Tulicheka sana siku hiyo.

Sasa sikieni. Kwetu mgeni akija, kila kitu kinasuguliwa. Sufuria zinapigwa majivu na mchanga mpaka unaona uso wako. Sufuria nyeusi ni aibu ya nyumba nzima. Jumamosi nilisugua zote. Nilipomaliza nikaiona ile shilingi ndani ya kikombe kwenye rafu, imefifia, uchafu wa mikono ya watu umejaa kwenye maandishi. Nikajiuliza, mgeni atoke Nairobi aje kuonyeshwa kitu kichafu hivi? Nikachota majivu, nikachota mchanga. Nilisugua kwa bidii ya mtoto anayengoja kusifiwa, na iling'aa.

Mgeni aliigeuza mara mbili tu, akaiweka mezani. "Nani ameosha hii?"

Alituonyesha mikwaruzo. Akasema angeinunua na uchafu wake, lakini sasa ni shilingi kumi kama nyingine yoyote. Hata chai hakumaliza. Mwalimu alimfuata nje bila kututazama.

Mama aligeuka, mwiko uko mkononi. Sikungoja aulize.

"Ni Susu."

Susu aligeuza uso kunitafuta, akakosea kidogo, akawa anatazama mlango. "Ni mimi," akasema. "Nilitaka iwe safi."

"Mwaitu!" Mama alimwita mama yake kwa sauti ya kulia. "Hata macho yako mwenyewe huyaonei huruma?"

Tangu wiki hiyo Mama hakumpa mkebe tena. Alisema mzee ameanza kuharibu vitu. Akawa anapanga chenji mwenyewe, mbio mbio, na wenye maduka wakaanza kufungua vifurushi na kuhesabu mbele yake. Susu alikaa pale pale kando ya ukuta, mikono mapajani, kidole gumba kikizunguka juu ya kidole cha shahada kama bado kimeshika kitu. Siku nyingine aliniuliza polepole, "Leo hakuna iliyokosewa?" Nikamjibu hakuna. Hata sikuwa nimeangalia.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba Susu aliniokoa na mwiko. Upuuzi. Mwiko ungeniuma mpaka jioni, basi. Yeye alitoa kitu kikubwa kuliko hayo macho. Soko zima lilimwamini mwanamke asiyeona kuwapangia pesa zao, na mimi kwa maneno mawili nikamgeuza kuwa kikongwe wa kuangaliwa asiguse. Alijua ni nani aliyesugua. Alijua pia kwamba Mama angemrudishia mkebe siku ile ile ningefungua mdomo. Alingoja miaka mitatu, na hata mara moja hakunisukuma.

Sikufungua. Tulipomzika, pasta aliuliza kama kuna mjukuu mwenye neno. Nilisimama mbele ya watu wote, nikasema Susu alikuwa mpole, nikaketi.