Kupe ni Abiria Tu

Kwa masikitiko makubwa, wakazi wote wa Bunda, Butiama hadi Musoma mjini mnatangaziwa kwamba Mzee Mihayo Mwandu, mkulima wa pamba, mfugaji na bingwa wa ubishi asiyewahi kushindwa, yuko hai na ana maoni.

Maoni yenyewe ni kwamba ndigana, ule ugonjwa unaoua ng'ombe, inaletwa na umande. Ng'ombe akila nyasi za alfajiri, umande unamshukia tumboni, tezi zinavimba, anakufa.

"Na kupe?" watu walimuuliza kilabuni.

"Kupe ni abiria tu. Gari likianguka, mnamkamata abiria?"

Wakacheka. Kwa Mihayo, kicheko cha walevi kilikuwa majibu ya maabara.

Lilian, afisa mifugo wa kata, hakucheka. Alimpa jaribio jepesi: nusu ya ng'ombe waogeshwe dawa joshoni kila wiki, nusu wasiogeshwe, na wote wachungwe pamoja, jua likishakausha nyasi.

"Kama ni umande, mzee, hatakufa hata mmoja. Kama ni kupe, tutaona wanaanguka wa upande gani."

Mihayo akakubali. Ila ng'ombe wanono wa mahari, wa kumwolea mwanawe Fred mchumba wake Robi, binti wa Mzee Keraryo wa Butiama, akawaweka upande usio na dawa. Joshoni akapeleka waliokonda. Lilian akamsihi abadilishe.

"Wewe binti, wakwe wanakujaga kukagua. Wananusaga mpaka kwato. Keraryo akinusa dawa atasema namletea wagonjwa."

"Na akinusa mzoga?"

"Umesoma sana wewe, ndiyo maana hujaolewa."

Fred alikuwa amesimama hapo hapo. Pale nyumbani baba hajibiwi.

Basi waliokonda wakaogeshwa, wakaendelea kukonda kwa afya njema. Wanono wakavimba tezi chini ya masikio, wakahema kama wazee wanaopanda mlima, wakalala mmoja baada ya mwingine. Kila alipokufa ng'ombe, ilizaliwa sababu. Wa kwanza, umande wa zamani uliobaki tumboni. Wa pili, kijicho cha jirani. Wa tatu, Lilian kamtazama sana. Wa nne hakupata sababu, maana mzee alikuwa na maini ya ng'ombe huyo mdomoni.

Keraryo alingoja, akachoka. Robi akaolewa Mugango, na mtu ambaye ng'ombe wake walinuka dawa ya josho mpaka barabarani. Wakwe walinusa, wakapiga chafya, wakawapokea, wakafunga mlango wa zizi.

Habari ilipomfikia Fred, alimfuata baba yake uani, akamkuta anawamba ngozi ya ng'ombe wa mwisho juani.

"Baba, waliooga wote wazima. Wasiooga wameisha. Robi kaenda. Bado unasema ni umande?"

Mihayo akapigilia kigingi, akaivuta ngozi ikakaza.

"Mahari moja haithibitishi kitu," alisema. "Tungoje ya mdogo wako."