Karani Aliyemwandika Baba Mtoro

Siku baba yangu alipopewa kalamu asaini ili asafishwe jina, aliirudisha kwa aliyempa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Familia nzima tumeingoja siku ile tangu tupate akili, halafu mzee wangu anagoma mezani kwa watu.

Ngoja nianze mwanzo, maana mtasema natunga.

Baba alikuwa koplo jeshini, enzi za vita. Mtaani kila mtu anamwita Koplo. Akigeuza mgongo tu, wanamwita Mtoro. Faili lake la jeshi linasema alitoroka vitani, akakamatwa, akafungwa, akafukuzwa kazi. Mambo kama hayo hayakai kwenye faili, yanatembea.

Mimi nimekulia ndani ya neno hilo. Shuleni nikishinda mbio, wenzangu wanacheka, "Lazima ashinde, kwao ndiyo kazi." Posa yangu ya kwanza ilivunjikia hapo hapo. Mama wa yule kijana alisema hataki wajukuu wenye damu ya kukimbia, na alisema hayo anatafuna chakula chetu. Sijamsamehe mpaka leo.

Baba mwenyewe hakulikubali hata siku moja. Kila chai ikifika mezani, anaanza.

"Sikutoroka mimi. Nilikataa. Tuliambiwa tuwafyatulie risasi watu wanaovuka mto na magodoro kichwani. Nikasema sifyatui. Wakaniweka ndani. Halafu karani mmoja mpumbavu huko makao makuu akaandika mtoro. Nikimpata yule karani, namkata vidole."

Mama anammiminia chai. "Kunywa, itapoa."

Miaka nenda miaka rudi ni hivyo. Baba anamtukana karani, mama anamimina chai.

Mwaka huu macho ya baba yakaanza kumwacha. Daktari akasema hapo hakuna la kufanya. Baba akatuita sebuleni.

"Kabla giza halijaniingia, nataka nisome faili langu likisema kweli. Sifi mtoro."

Aliyepinga ni mama peke yake. "Karatasi za zamani hizo, unazichokonoa za nini?"

Nilimkasirikia kwelikweli. Nikajisemea huyu anaona aibu kuonekana na mumewe kambini. Alikuja, lakini shingo upande.

Ofisi ya kumbukumbu za askari pale kambini ni chumba kirefu, makabati ya chuma huku na huku, mezani mashine ya chapa, feni inayozunguka inapojisikia. Mama akakaa kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani. Mimi na baba tukaenda mezani.

Afande wa masijala alikuwa dada wa makamo, mpole, miwani imeshuka puani. Akalifungua faili, akasoma, akatabasamu.

"Koplo, una bahati. Mafaili ya vita ile yamejaa makosa ya makarani, na sasa tunaruhusiwa kuyasahihisha. Hapa naandika kwamba siku zile ulikuwa mgonjwa hospitalini, karani akakosea. Unasaini, yamekwisha. Unatoka hapa askari safi."

Machozi ya furaha yalikuwa yamenifika kopeni.

"Sikuwa mgonjwa," baba akasema.

"Najua, mzee wangu. Ni ya kwenye karatasi tu."

"Nilikuwa mzima kuliko wewe. Nilikataa amri. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo unabaki na kosa. Tena kubwa kuliko utoro."

"Hilo ndilo langu. Nipe langu."

Ndipo akairudisha kalamu.

Nikamshika mkono. "Baba, saini. Unatuua, ujue. Nani atakuja kuuliza kama uliumwa au hukuumwa?"

Akanigeukia na yale macho yake yenye ukungu. "Mwanangu, nimekaa kwenye uongo wa mtu mwingine maisha yangu yote. Leo unataka nihamie kwenye wa kwangu?"

Nikauachia mkono wake.

Afande akavua miwani. "Sawa, Koplo. Lakini siwezi kuandika kwa neno lako peke yako. Kamanda wako alishafariki. Ripoti ya mkono iliyotoka vitani haipo, zile zilichomwa zote zikishapigwa chapa. Labda apatikane huyu aliyeipiga chapa." Akagonga chini kabisa ya ukurasa, kwenye herufi mbili ndogo. "Kila mpiga chapa aliacha herufi zake. Sasa huyu nani atamjua leo?"

"Ni mimi huyo."

Sauti ilitoka kwenye benchi la mlangoni.

Tulijua mama aliwahi kupiga chapa serikalini kabla hajaolewa. Ofisi gani, hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaja mezani taratibu, akaziangalia zile herufi mbili za jina lake la usichana kama mtu aliyekutana na picha yake ya zamani.

Baba hakugeuka. "Wewe?"

"Mimi. Ripoti ilikuja imeandikwa kwa mkono, inasema amekataa kufyatulia raia. Mtoro aliyerudishwa alikuwa anafungwa. Aliyekataa amri alikuwa anapigwa risasi. Nilishapiga chapa karatasi za waliokataa kabla yako, na majibu yao yalirudi kupitia mezani kwangu. Ilipofika yako, vidole vikagoma. Nikaandika mtoro. Mkubwa alikuwa anasaini rundo zima bila kusoma, akasaini na hiyo. Ile ya mkono nikaitia motoni kama kawaida."

Hata feni ilisimama, naapa.

"Na ulipokuja gerezani, siku tulipoonana mara ya kwanza?" baba akauliza. "Si ulisema umekuja kumwona binamu yako?"

"Sikuwa na binamu. Nilitaka kumwona mtu aliyekataa, ana sura gani."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Kwani sikujui? Ungekwenda siku hiyo hiyo kuwaambia wamekosea."

Nikakumbuka vikombe vyote vile vya chai, na matusi yote yale.

Afande akashusha sauti. "Mama, unaelewa ulichosema? Kughushi ripoti ya jeshi wakati wa vita ni kosa. Nikimsahihisha yeye, lazima nikuandike wewe."

Hapo baba akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alirudi nyuma.

"Basi funga faili," akasema. "Liache neno lilivyo. Mimi ni mtoro, nimekubali. Twendeni nyumbani."

"Nani aende nyumbani?" Mama aliwaka. Mimi mama yangu nimemjua kwa upole, siku ile nilimwona mtu mwingine. "Nililiandika neno lile ili uishi. Umeishi. Sasa liondoke. Unadhani nilikuwa sisikii wanavyomwita mwanangu? Kila walipokuita mtoro, walikuwa wananisomea karatasi yangu mwenyewe. Nimechoka."

Akamgeukia afande. "Dada yangu, nipishe hapo kwenye mashine. Ofisini kwetu kosa lako ulikuwa unalisahihisha mwenyewe."

"Mama, watakuita."

"Waje. Nyumbani wanapajua, na chai ipo."

Afande alimtazama. Kisha akasimama, akampisha kiti.

Mama akakaa, mgongo wima, akapiga kwa vidole vyote kumi bila kuangalia chini. Hakutoroka. Alikataa amri ya kufyatulia raia risasi. Mwisho wa ukurasa akaweka herufi zake mbili.

Baba akaisogeza karatasi mpaka ikakaribia kugusa pua, akasoma neno kwa neno. Akasaini. Halafu akauchukua mkono wa mama, ule aliokuwa anatishia kuukata vidole, akaubusu mbele ya afande na mbele yangu. Nililia kama mtoto mdogo, sijali nani alikuwa anaangalia.

Mpaka leo hawajamwita mama. Baba sasa haoni kabisa. Chai ikifika mezani anasema, "Karani, umetia sukari?"

Nimeyaandika haya kwa ajili ya watu wa mtaa wangu, na yule mama aliyekula chakula chetu. Kabla hujalitupa jina kwa mtu, uliza lililipiwa nini na nani alililipia. Mimi ni mtoto wa mwanamume aliyekataa, na wa mwanamke aliyelidanganya jeshi zima ili mwanamume huyo aishi. Mkitaka kuniita, niiteni kwa yote mawili.