Kinu Kwenye Bustani ya Baba

Nilipokuwa na miaka minane, bustani yetu pale Kiwalani ilikuwa na choo katikati. Choo cha kukaa, cheupe, kimejazwa udongo na kupandwa waridi. Baba alikuwa kibarua wa kubomoa nyumba kuukuu, na vingi vilivyotupwa huko alikuja navyo nyumbani. Ukingo wa bustani ulikuwa chupa za soda zilizochomekwa kichwa chini. Mpasheni ulitambaa juu ya fremu ya baiskeli. Majirani walipita wakacheka, kisha wakarudi kuomba miche.

Bibi mzaa mama alikuja kutoka Kunduchi mama alipokaribia kujifungua. Aliizunguka bustani nzima, akasimama mbele ya choo.

"Baba Rehema," alisema, "wageni wakija tuwakaribishe hapa, au tuwape kata ya maji kwanza?"

"Mama, hicho kimeshastaafu," baba alijibu, akicheka.

Bibi naye alicheka. Aliacha kucheka alipofika kwenye kinu. Kilikuwa cha mti mgumu, na ufa ulishuka ubavuni. Baba alikuwa amekigeuza mdomo chini, kikawa kiti chini ya mpapai.

"Hiki kitoe. Kinu hakikaliwi. Mtoto akikalia kinu anamuua mama yake."

"Ni pambo tu, mama."

"Pambo kwako."

Baba hakukitoa. Bibi akanigeukia mimi. "Umenisikia, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikamjibu nimesikia.

Siku tatu baadaye nilikikalia. Sina sababu kubwa ya kutoa. Nilikuwa nimetoka shule, jua lilikuwa kali, kivuli kilikuwa pale na kiti kilikuwa pale. Nilikaa kwa muda wa kumaliza barafu moja ya ubuyu.

Jioni ile mama alishikwa na uchungu, baba akampeleka hospitali kwa bajaji. Asubuhi akapiga simu. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, mzima. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi na hakuwa na fahamu. Niliyajua hayo kwa kumsikia Bibi akiyarudia kwenye simu, neno kwa neno. Kisha akauliza, "Daktari anasemaje?" Akasikiliza. Hakuuliza kingine.

Siku ile sikula. Bibi aliniletea uji, ukapoa. Akaniletea chapati, nikaiacha kwenye sahani. Alasiri alinikuta bustanini nakisukuma kinu kuelekea njiani. Kilikuwa kizito kunizidi. Nilikuwa nimekisogeza hatua mbili tu.

"Unakipeleka wapi?"

"Jalalani."

"Kimekukosea nini?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, pamoja na barafu. Nikamuuliza kama mtu akikaa kisha akasimama upesi, mama yake anakufa au anaumwa tu.

Bibi hakujibu mara moja. Tangu hapo nimewahoji watu wengi kwa kazi yangu ya habari, na naujua ukimya wa mtu anayechagua la kusema. Ule ulikuwa wa aina hiyo. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa, toka juu mpaka chini.

"Kimepasuka hiki," alisema. "Kinu kikipasuka si kinu tena. Kinu ni kile kinachotwanga. Hili ni gogo."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema kabla sijauona ufa. Macho ya bibi yako si unayajua? Mke mwenzangu mzima, analilia gogo."

Nikalia zaidi, ila kilikuwa kilio kingine. Kisha nikaenda kula ile chapati, baridi hivyohivyo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta bustanini, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa amekigeuza kinu mdomo juu, anakijaza udongo kwa mikono, na midomo yake ilikuwa ikicheza kwa dua. Karibu yake palikuwa na mche wa mrehani.

"Unafanya nini, Bibi?"

"Baba yako anapenda mapambo. Nampambia."

Nilikubali jibu hilo. Nilimsaidia kuleta maji.

Mama alipata fahamu siku hiyo jioni. Alirudi nyumbani baada ya siku tisa, akitembea kwa kushika ukuta, mdogo wangu kabebwa na baba. Aliusifu mrehani. Bibi akasema umeshika vizuri, basi. Miaka mingi baadaye, tulipokwisha kumzika Bibi, nilimsimulia mama kisa hiki. Alikuwa hajawahi kukisikia.

Kwa muda mrefu nilikihesabu kuwa kisa cha imani iliyoshindwa: mtoto alikalia kinu na mama yake akapona. Siku hizi ninayemfikiria zaidi ni Bibi. Macho yake hayakuwa na tatizo. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Ufa aliuona siku ya kwanza. Na hakuacha kuamini, maana mtu asiyeamini haamki na dua kulijaza gogo udongo ili lisikaliwe tena.

Aliyekuwa amelala hospitali alikuwa mama yangu, lakini pia alikuwa mwanawe, aliyemzaa yeye. Kwa imani yake, mbele yake siku ile alisimama mtoto aliyemtia mwanawe hatarini. Angeweza kunipiga. Angeweza kunyamaza tu, na ukimya huo ningeubeba mpaka leo. Badala yake alichuchumaa akanitungia sheria mpya, akanipa niende nayo, yeye akabaki na ile ya zamani.

Usiku ule mimi nililala. Yeye, nina hakika, hakulala.