Pale Shokapu Inaposhikana na Bodi

Siku yangu ya kwanza kazini Fomeni hakuniuliza jina. Alinitia mkononi kipande kizito, cheusi kwa grisi, kilichochanika katikati kama andazi lililotumbuliwa, akasema, "Shika. Mpaka jioni uniambie hiki kimekufa kwa nini."

Karakana yetu ilikuwa Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilitoka kwetu Rungwe na cheti cha uchoraji wa mashine, na sweta la kijani alilonifumia mama baada ya kusikia kwamba Iringa kuna upepo usio na adabu. Wasichana tuliosomea kuchora vyuma tulikuwa wachache, na Fomeni, Mzee Kalolo, Mhehe mrefu aliyejinyoa ndevu kila asubuhi bila kioo, alikuwa hajaamua kama mimi ni mtoto, mgeni au fundi.

Nilikaa na kile kipande kutwa nzima. Nilikiosha kwa petroli, nikakikata kwa msumeno, nikaunusa mpira wake. Jioni nikamwendea.

"Hakikufa kwa kugongwa, mzee. Kiliungua kwanza kwa joto, mpira ukakakamaa. Kugongwa kulikuja baadaye."

Alinitazama kidogo, akapangusa mikono. "Kamwene, fundi," akasema. Ndiyo salamu ya Kihehe, ile ambayo asubuhi alisahau kunipa.

Niwaeleze ninyi mliozaliwa nyuma yetu kipande hicho ni kitu gani. Gurudumu la mbele la gari dogo limening'inia kwenye mguu: shokapu ndani, springi kuizunguka kwa nje. Kichwa cha mguu huo kinafungwa kwa bolti chini ya boneti, kwenye sehemu ya bodi iliyoinuka kama kombe lililofunikwa. Pale vinapokutana ndipo kinapokaa kitu chetu. Mafundi walikiita mauntini. Kwenye michoro yangu niliandika kikalio. Kina sahani ya chuma ya kushika, mpira wa kumeza kishindo, na beringi ya kuuacha mguu uzunguke dereva akikata kona. Kiwandani walikitengeneza kwa ajili ya barabara za lami na watu wanaokwenda ofisini. Wateja wetu walikuwa madereva wa mashindano, waliopita kwenye mawe na makorongo kama wanaofukuzwa. Kikalio cha kiwandani hakikuwavusha hata mkoa mmoja. Kwa hiyo tulibuni vyetu, vya kubadilishia vile vilivyokuja na gari.

Aliyekuwa juu yetu sote tulimwita Bwana Mhandisi. Alisoma ng'ambo, akarudi na neno moja alilolipenda kuliko yote: "Nionyeshe." Ukianza kumweleza wazo, atakukatiza, "Nionyeshe." Basi unarudi kwenye meza ya dirishani, unachonga penseli, unachora. Mchoro ukikubaliwa, unapelekwa Mafinga kwa maseremala, nao wanachonga mfano wake kwa mti wa msonobari, mkubwa kidogo kuliko kitu chenyewe, maana madini yakipoa husinyaa. Mfano ukirudi tunaugandamiza kwenye mchanga, tunautoa, tunamimina alumini tuliyoyeyusha kutokana na pistoni za malori yaliyokufa. Huko ndiko kusubu. Kisha Mzee Kalolo anakifunga kwenye mashine ya kukerezea, na unasikia sauti ile nyembamba, na vinyweleo vya alumini vinamdondokea viatuni. Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo mahali, husimama.

Siku moja akaja Salumu. Kwao ni Mbeya mjini, wafanyabiashara wa vitambaa, babu yake alipanda huku kutoka pwani na misafara ya biashara akaoa, akabaki. Alikuwa na gari jeupe la mashindano na tabia ya kulipigapiga boneti kama mtu anayemtuliza farasi. Aliviangalia vikalio vipya vilivyokuwa juu ya meza.

"Nani kachora?"

Watu wakanitazama.

"Mimi," nikasema.

"Basi panda. Fundi wa shokapu asiyepanda gari ni sawa na mpishi asiyeonja."

Tuliteremka Kitonga. Sijui niseme nini kuhusu mteremko ule, ila kwamba nilikuwa nimeuchora kwa hesabu kabla ya kuuona, na hesabu hazikuwa na lile korongo upande wa pili. Salumu alikata kona huku akinong'ona peke yake, "Haya mama, haya mama," na mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili. Chini, Ruaha Mbuyuni, joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Tulisimama penye wauza vitunguu, akafungua boneti, nikaweka kidole kwenye kikalio, nikakitoa upesi. Tulipanda tena hadi kwenye baridi ya Iringa, nikakigusa tena. Ndipo nikaelewa kwamba mpira mmoja tunautaka uishi katika nchi mbili.

Bwana Mhandisi aliamua tuutoe mpira wote. Tukaweka beringi ya tufe, yaani gololi kubwa ya chuma inayocheza ndani ya pete ya chuma, ndani ya sahani nene. Salumu alikwenda nalo gari, akarudi macho yanang'aa.

"Linaniambia kila jiwe," alisema. "Nikiligusa tu linageuka."

Lakini baada ya majuma machache Mzee Kalolo aliniita chini ya boneti. Alipitisha ukucha kwenye kombe la bodi. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umetoka kwenye bolti moja unaelekea nyingine.

"Chuma hakimezi," alisema. "Kile ambacho wewe hukumeza, jirani yako atameza. Hii bodi siku moja itapasuka, na mguu utatokea juu hapa, na yule kijana hatakuwa na usukani."

Bwana Mhandisi aliuona ufa, naye hakubishana. "Ni kweli. Lakini nikirudisha mpira, mguu unayumba, usukani unalegea, kijana anakwenda korongoni. Mnataka afe kwa njia ipi?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hiyo ndiyo hali ngumu kuliko zote katika ufundi. Salumu alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, anasikiliza watu wanavyojadili kifo chake, anakunywa chai.

Nilichora, nikafuta, nikachora. Jibu lilikuja nikiwa natazama wanawake wawili wakipanda mlima kutoka Ipogolo, wamebeba gogo moja. Sisi tulikuwa tumempa mmoja kazi zote. Springi hubeba uzito; shokapu huongoza. Kwa nini zipite mlango mmoja? Nikachora kikalio chenye njia mbili: katikati beringi ya tufe inashika kichwa cha shokapu peke yake, kisiyumbe; pembeni pete pana ya mpira inapokea springi na kishindo chake, na kukigawa kwenye bodi polepole.

"Nionyeshe," alisema Bwana Mhandisi. Aliutazama mchoro muda mrefu, akavua miwani. "Mafinga watahitaji mifano miwili," akasema, akaenda zake. Kwa mtu yule, hayo yalikuwa makofi na vigelegele.

Nikahamishiwa tawi la Mbeya kumalizia majaribio. Meneja wa Tawi alinipokea kwa maneno haya: "Dada, hapa hatuchori ndoto. Tunachora vitu vya kuuza." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mishahara ya watu mabegani. Mbeya baridi ya Juni ilitufundisha jambo jingine. Asubuhi, Mlima Loleza umejifunika ukungu, pete yetu ya mpira ilikuwa ngumu kama kwato. Tukaitoboa matundu marefu pembeni, mpira upate pa kukimbilia unapobanwa. Ikalainika. Salumu na mimi tuliijaribu kwenye njia za kuteremkia Usangu kila tulipopata petroli, na kati ya jaribio na jaribio tulizungumza. Alinifundisha kusikiliza gari kwa mgongo. Nilimfundisha kusoma mchoro. Alikuwa akisema nachora kama mtu anayeandika barua, na mimi nilikuwa namwambia aache maneno, atazame vipimo.

Mashindano yalipopita kwetu, kituo chetu cha matengenezo kilikuwa Igawa. Mzee Kalolo alikuja kutoka Iringa na sanduku lake la spana. Wakati ule wafugaji kutoka kaskazini walikuwa wameanza kuingia Usangu na mifugo yao, na mchana ule kundi zima lilikuwa linavuka barabara, taratibu, kama mali ya mtu asiye na haraka. Tukasikia injini. Tukaliona vumbi. Mchungaji akainua fimbo, lakini ng'ombe hasomi fimbo kwa kasi hiyo.

Salumu aliwaona akiwa amechelewa. Aliliinamisha gari kwenye mfereji, gurudumu la kushoto likatumbukia, na kishindo chake nilikisikia kwenye meno yangu. Gari likaruka ng'ambo ya pili, likatua kwa upande uleule, likapinda, likanyooka. Vumbi likafunika kila kitu. Sikukimbia. Nilisimama nikiwaza vipimo, moja moja, kama mtu anayesali.

Kisha likatoka kwenye vumbi, likaja hadi tulipo, likasimama.

Mzee Kalolo alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya kikalio cha kushoto, akapapasa kombe lote kwa vidole. "Kipo," alisema. "Na bodi nzima." Akageuka upande wa pili, nikajua anafuta macho.

Mchungaji naye akaja mbio, kofia mkononi. "Ng'ombe wangu ni wazima, ndugu. Wewe je?"

Salumu alikuwa anacheka, mikono bado haijauachia usukani. Nilimshikia kikombe cha maji, akanywa. "Usukani haukunitoka, Tumpe," alisema. "Hata kidogo haukunitoka." Kisha akaondoka, maana mashindano hayamsubiri mtu.

Hakushinda. Ila alimaliza, na wengi waliotutangulia kwa magari ya maana hawakumaliza. Tulianza kupata wateja wa vikalio kutoka miji ambayo sijawahi kufika.

Alikuja kuniuliza msimu wa mvua, tumesimama chini ya paa la bati la karakana ya Mbeya, kelele tupu.

"Nikija kwenu Rungwe na wazee wangu, tutapokelewa?"

"Mtapewa chai na ndizi, na mtafungashiwa nyingine. Jibu ndilo silijui."

Walikuja. Walipewa chai na ndizi. Baba, mzee wa kanisa, aliongea na wazee wa Salumu kwa heshima kubwa, akasema kijana ni mwema, mtu anaona. Walipoondoka akaniita. "Mwanangu, sina neno baya juu yake. Niambie tu kitu kimoja. Mkizaa, Mungu akamchukua mtoto, tutamzika kwa maombi gani, na nani kati yetu atasimama mbali?" Na mama yake Salumu kule mjini, mwanamke aliyenipenda na kunikatia kitambaa cha gauni, naye alisema niingie kwao kwa dini yao au nisiingie. Hakuna aliyetutukana. Ndiyo maana hatukupata wa kumkasirikia. Tuliendelea kufanya kazi pamoja, tukizungumza zaidi juu ya mpira na chuma.

Kisha nchi ikaingia kwenye dhiki. Petroli ikawa kwa mgawo, beringi hazikuja tena, na nani angethubutu kuchoma mafuta kwa mashindano wakati malori ya chakula yamelala? Bwana Mhandisi alihamishiwa wizarani. Mzee Kalolo akarudi shambani Kalenga. Salumu aliliuza gari jeupe, akaenda ng'ambo ya maji kwa mjomba wake. Mimi nilibaki Mbeya, nikachora vishikio vya springi za malori na viti vya mabasi mpaka nikawa Mkuu wa Chumba cha Michoro, na kutoka hapo nikastaafu. Niliolewa na mwalimu, mtu mpole, nikazaa naye, nikamzika. Sina maisha ya kulalamikia. Lakini mkiniuliza ni lini nilifanya kazi kwa mwili mzima, nitawajibu ni miaka ile michache, nilipochora kitu mchana huku namjua kwa jina mtu atakayekitegemea.

Mwaka juzi Salumu alirudi Mbeya kumzika dada yake. Baada ya siku za msiba alinipigia simu, tukaketi barazani kwangu. Nywele zimekwisha, jicho moja halioni, lingine linaona vivuli. Haendeshi tena. Tuliongea habari za watoto wetu, na za Mzee Kalolo aliyetangulia. Nikamuuliza jambo nililoliweka maisha yangu yote.

"Kule Igawa, mfereji ulipotokea, uliogopa?"

"Ng'ombe niliwaogopa," alisema. "Mfereji sikuuogopa. Nilikuwa najua kachora nani."

Saa ya basi lake ilipokaribia nilimpeleka kwa gari langu dogo. Barabara ya mtaani kwetu ni mbovu, mawe na mashimo. Aliegemeza mgongo kitini sawasawa, na nikajua anasikiliza.

"Mbele kushoto," alisema. "Mpira umechoka."

"Najua. Nitabadilisha."

"Endesha polepole basi," akasema yeye, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Tulipofika njia panda, stendi ilikuwa kushoto. Nilikata kulia, njia ndefu, ile inayozunguka chini ya mlima. Salumu hakuuliza tunakwenda wapi.