Chumvi Kwenye Winchi

Mtanisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazozikosea. Shule niliiachia darasa la nne, na kalamu yangu huenda kama mtu anayepita kwenye miiba bila viatu. Lakini habari hii sina wa kumwambia hapa nyumbani Mandawa, upande wa Ruangwa, kwa hiyo naiandika.

Wakati wa kazi ya karanga, Waingereza walipofungua yale mashamba makubwa, nilipata kibarua Nachingwea, katika karakana ya matrekta. Niliosha vyuma kwa mafuta ya taa. Wenzangu walitoka kila upande na Kiswahili chao kilikwenda mbio. Mimi nimekua na Kimwera. Nilipokuwa bado naunganisha neno la kwanza na la pili, wao walikuwa wameshacheka na kuhamia jambo jingine. Nikazoea kunyamaza.

Fundi mmoja Mzungu alikuwa amenunua mashua kuukuu huko Lindi, akaileta kwa trela ili aitengeneze jioni baada ya kazi. Iliegemezwa kwenye magogo katika banda la nyuma, mbali kabisa na maji. Alinichagua nimsaidie, nadhani kwa sababu sisemi. Mbao alizishughulikia mwenyewe. Mimi alinipa vyuma vya sitaha: makapi ya kupitishia kamba, pete, bolti, na winchi, yaani gurudumu la shaba, kubwa kama chungu kidogo, ambalo kamba ya tanga huzungushiwa ili ikazwe. Vyote vilikuwa vimeganda. Vingine vilikubali kwa nyundo na mafuta ya taa. Winchi ilikataa.

Chini yake palikuwa na unga mweupe ulioshikana. Siku moja niliukwangua nikauonja. Ilikuwa chumvi. Bahari sikuwa nimeiona kamwe, na hapo ndipo nilipokutana nayo mara ya kwanza, kwenye ncha ya ulimi, chini ya bati.

Ukafika mwezi wa Ramadhani. Fundi alikuwa anakwenda Lindi kutafuta mahali pa kuiweka mashua. Kabla ya kuondoka aliigonga winchi kwa kidole.

"Hii ikizunguka, utakwenda nayo pwani," aliniambia. "Nitahitaji mtu anayeijua."

Isipozunguka, alisema, ataing'oa na kutafuta nyingine, na kazi yangu pale itakuwa imekwisha.

Wenzangu walipolala kivulini mchana kwa ajili ya saumu, mimi nilipanda kwenye mashua. Waliopita hawakukosa la kusema.

"Nahodha, leo mawimbi yakoje?"

"Mwache, anatafuta nchi kavu."

Nilitabasamu na kuinama. Kwa kweli mle ndani nilikuwa na raha kuliko kambini. Winchi haikunicheka. Na ilianza kucheza, kidogo sana, kama jino la mtoto.

Mafuta ya taa yakaisha, na mtu wa stoo akakataa kunipa mengine mpaka fundi arudi. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya ufuta ambayo mama alinipa nijipake. Nikayamimina yote. Joto la bati likayakausha, na baada ya siku chache yakawa kama ulimbo wa kutegea ndege. Hata ule mchezo mdogo ukaisha. Nikakaa sitahani nikaona Lindi inanitoka mkononi.

Ndipo nikakumbuka mama anavyoosha chungu kilichogandwa na mafuta. Nikachemsha debe la maji, nikatia majivu, nikamwagia winchi polepole, nikarudia na kurudia. Maji yalitoka ya kahawia, kisha meupe. Sikuyaonja, nilikuwa nimefunga, lakini nilijua ni chumvi inayeyuka. Nikasukuma. Ikalia tik. Nikasukuma tena, ikaenda, tik, tik, tik, mpaka ikamaliza mzunguko. Nikatazama nje ya banda. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mpini wake ulikuwa umeoza, nikachonga mwingine wa mpingo na kuutia mistari mitatu.

Fundi alirudi baada ya Idi, na mabaharia wawili kutoka Lindi. Aliizungusha winchi kwa kidole kimoja, akacheka kwa furaha, akanipa mkono.

"Umeitengeneza vizuri mno," alisema. "Sasa hata mtoto ataizungusha. Haihitaji fundi."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ameshasahau. Nguo zangu nilikuwa nimezifunga kwenye kanga ya mama, nimeziweka nyuma ya magogo. Mashua ilipopandishwa kwenye trela nilisimama karibu na mlango wa lori nikiwa na maneno mawili tu: Bwana, uliniahidi. Lori likawashwa. Lilipopotea kwenye vumbi la kona, mimi nilikuwa bado naunganisha neno la kwanza na la pili.

Baadaye kazi zilipungua, nikarudi Mandawa. Nalima ufuta na baba. Bahari sijaiona.

Ninyi mlioko pwani, Lindi, Mikindani au kokote, mkiona mashua kuukuu yenye winchi ya shaba na mpini wa mpingo wenye mistari mitatu, niandikieni kupitia kwa waliochapa haya. Niambieni kama bado inazunguka, na inalia vipi ikiwa majini. Mwandiko wenu usiwatie haya. Mimi husoma polepole, nitaufikia mwisho.