Clémence na Marehemu Wake

Clémence si mtu wa kuomba ushauri. Anashona magauni ya kwaya na sare za shule katika chumba cha juu cha kiwanda cha zamani cha viatu, hapa Jeppestown, na ukimwambia gauni limekubana atakujibu kwamba umenenepa. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mzulu niliyemkuta Morogoro enzi za ukimbizi wao, walipowakimbia makaburu, nikarudi naye kwao, kwa hiyo maneno ya mawifi nimeyazoea. Ya Clémence, huyu Mrundi, bado yananichoma. Ndiyo maana nilishangaa alipoanza kutuuliza maswali.

Ilianza na tamthilia ya Kifaransa. Jumapili baada ya kanisa tulikusanyika kwake, wanawake wa jengo lile, tukaitazama kwenye kompyuta yake kabla umeme haujakatwa. Ni habari za wafu wanaorudi, ila si mizimu ya kutishia watoto. Ni mji mdogo bondeni, ukungu kutwa nzima, na watu waliozikwa zamani wanatokea mmoja mmoja, nguo zao safi, hawajui kama walikufa. Wanabisha hodi makwao na kuomba chakula. Hakuna damu wala kelele. Kifaransa hatukijui, Clémence alitutafsiria huku pini ziko mdomoni.

Tulimpenda zaidi mke wa mwokaji mikate. Mume amekufa, mke amelia, amemaliza, ndipo siku moja huyo hapo mlangoni. Clémence akaisimamisha picha.

“Sasa huyu mama afanye nini?”

Kidawa, msusi wa Tanga, alisema amfungulie, mume ni mume. Mimi nikasema asithubutu. Mtu ukishamzika umemzika, akiingia leo akaondoka kesho, huyo mama atalia mara mbili. Clémence alitusikiliza kwa makini kama anayechukua vipimo.

Kila Jumapili mke wa mwokaji alikuwa bado hajafungua. Tulibishana mpaka mimi na Kidawa tukakaribia kunyimana salamu kwa ajili ya Mfaransa tusiyemjua.

Siku moja akaingia Elisée, Mkongomani anayepiga pasi chumba cha chini, kuazima mkasi. Akasimama kutazama, akaanza kucheka.

“Lakini Maman Clémence, hasemi vile! Ule mwanamuke alishafungula mulango zamani. Sasa anaongea na polisi.”

Clémence akafunga kompyuta. Wenzangu waliondoka wakinung'unika kwamba wamechezewa kwa tafsiri ya uongo. Mimi nilibaki, kwa sababu ni mbea, sikatai.

Alitoa pini mdomoni moja moja. “Mama Nomsa,” akasema, “Égide ni muzima. Amenipigia simu. Yuko njiani.”

Égide ni mume wake, na mimi nilimjua kwa msiba tu. Warundi wana siku ya kumaliza kilio, wanaiita kuganduka. Watu hukusanyika, wakanywa, na mkubwa wa familia akasema mbele ya wote kwamba msiba umekwisha, waliofiwa warudi kwenye maisha yao. Ya Égide ilifanyika papa hapa, kwenye ukumbi wa kanisa, na wali nilipika mimi. Alikuwa amechukuliwa Bujumbura mwaka ule wa vurugu, na mtu aliapa kwamba ameiona maiti yake. Kumbe aliona ya mtu mwingine. Égide alikuwa amefungwa mahali ambapo hata simu haikufika, na alipotoka alihangaika kambi hadi kambi akiwatafuta watu wake.

“Siku ya kumaliza kilio tunayo,” Clémence alisema. “Ya kukirudisha hatuna. Nimeuliza mpaka muchungaji, hajui. Nilimulilia huyu mutu mpaka moyo ukatulia. Sasa anarudi. Namuogopa, Mama Nomsa. Nitamufungulia kama nani?”

Kwa yule Mfaransa majibu nilikuwa nayo tele. Kwa Clémence nilishika ufagio tu, nikaanza kufagia vipande vya nguo.

Égide alifika Jumamosi asubuhi kutoka stendi ya mabasi. Clémence aliniomba niwepo. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimeshakuwa nyeupe, na alisimama kizingitini asiingie mpaka alipoambiwa. Clémence alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Akampa kiti na maharagwe na ndizi. Alikula upesi, mkono wa pili umeshika sahani isiondolewe. Clémence alingoja amalize.

“Égide, bwana yangu alikufa,” akasema. “Nilimulilia, watu wakanywa, wakubwa wakasema nimefunguliwa. Siwezi kuwafanya wote waongo. Mimi si bibi yako.”

Égide aliinamisha kichwa. “Naelewa,” alisema, akainua begi lake.

“Sijamaliza. Kama unanitaka, tafuta watu wa kukusemea, uje uniombe. Vinywaji mbele, kama mulivyokuja kwa baba yangu. Nitasikiliza. Sijasema nitakubali.”

Nilitaka kumpigia makofi, na papo hapo nilitaka kumzaba kibao. Mtu ametembea Afrika nzima, wewe unamtaka alete washenga! Lakini nilipoutazama uso wa Clémence niliona kwamba hana kiburi hata kidogo. Alikuwa anatafuta mlango wa kumpitisha, na huo ndio pekee alioupata.

Nilipotoka nilimkuta Égide amekaa kwenye ngazi, begi magotini, analia.

“Mama, hapa sina ndugu,” alisema. “Na wale wa nyumbani wote wanajua nimekufa. Nani atanisemea?”

Nikamshika mkono, nikampeleka kwangu. Baba Nomsa alikuwa anasinzia mbele ya mpira. Mzee huyu amejadili mahari za nusu ya ukoo wao, na Kiswahili cha Morogoro bado anacho.

“Vaa koti,” nilimwambia. “Kuna mtu anataka kuposa.”

“Nani?”

“Marehemu wa Clémence.”

Alimtazama Égide, kisha akazima televisheni.

“Basi akanawe uso kwanza,” alisema.